Chupa ya Watu Kumi

Kila siku nilipotoka shuleni nilivua sare, nikala kilichokuwapo, kisha nikaenda kwenye mashine. Ilikuwa mashine ya kusaga nafaka, ndani ya banda la mabati, hatua kama mia mbili kutoka zahanati. Baba ndiye aliyeiendesha. Bibi, mama yake Baba, alikaa mlangoni na ungo mapajani, akiokota vijiwe kwenye nafaka za wateja. Mimi nilifunga mifuko na kufagia unga uliomwagika. Mama alifanya kazi mji mwingine na alikuja mwisho wa mwezi tu. Bibi alikuwa na pumu, na kila siku Baba alimwambia akae mbali na vumbi, na kila siku Bibi alijitia hasikii.

Nilikuwa na kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyonipa jina. Baba alipozima mashine ipoe, watu waliokuwa wakingoja zamu walinipa simu zao niwasomee ujumbe. Wengine hawakujua kusoma, wengine walikuwa wamesahau miwani nyumbani, na wengine walipenda tu kusikia. Kwa sababu nilizoea kupaza sauti juu ya mngurumo wa mashine, nilisikika mpaka barabarani. Wakaniita Redio, na Baba akawa Baba Redio.

"Redio yenyewe haina hata kitufe cha kuzimia," Bibi alikuwa akisema, na watu wakacheka.

Huo ulikuwa mwaka wa korona. Mtaa wetu ulikuwa umezika watu wanne katika miezi miwili. Kisha chanjo ikafika zahanati. Mkubwa mmoja wa ofisi ya afya alikuja na gari, akapigwa picha ameshika sanduku la baridi, akaahidi kwamba gari la matangazo litapita mitaani kuwaeleza watu. Gari hilo hatukuliona. Nesi alipopiga simu kuuliza, alijibiwa, "Tunalifanyia kazi." Alipopiga tena aliambiwa aliyekuwa akilifanyia kazi yuko mkutanoni. Basi kazi ya kuwaeleza watu ikafanywa na simu zao, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa simu hizo.

Nesi wetu alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, asiyeficha hasira. Ndiye aliyempokea Mama siku nilipozaliwa. Alipita nyumba kwa nyumba na daftari lake akieleza habari ya chupa. Chupa moja ya chanjo hutosha watu kumi, alisema, na ikishafunguliwa haingoji. Baada ya muda wa saa sita, kilichobaki ni cha kutupwa. Ofisi ilikuwa imemwonya asipoteze hata tone moja: asifungue chupa mpaka watu kumi wawe wamekaa kwenye benchi. Kwa Alhamisi ya kwanza alipata majina kumi kamili. La kwanza lilikuwa la Bibi, na la pili la Baba.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, Mama Mkaa, jirani yetu aliyeuza mkaa, alinipa simu yake. "Hebu nisomee hii, Redio. Ni ndefu, inanipa kizunguzungu."

Nilisoma. Ujumbe ulisema chanjo ile inaharibu damu, na kwamba anayechanjwa hamalizi miaka miwili. Aliyeuandika hakujitaja. Nilipoanza, watu walikuwa wakizungumza. Nilipofika katikati, banda zima lilikuwa kimya. Hata Baba alisimama na kitambaa cha mafuta mkononi. Nikatia chumvi. Nilipunguza sauti palipotisha, nikaipandisha palipotisha zaidi.

"Makubwa!" alisema Mama Mkaa. "Na huko shuleni wanasemaje?"

Shuleni hawakuwa wamesema lolote. Lakini watu wote walikuwa wakinitazama mimi, mtoto wa miaka kumi na miwili, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

"Mwalimu wa sayansi naye alituambia hivyohivyo," nikasema.

Ilikuwa sentensi moja tu. Jioni ile Mama Mkaa alimtuma mtu zahanati kufuta jina lake na la mumewe. Baba naye akasema, "Kama mwalimu mwenyewe amesema, mimi simo."

Nyumbani kwetu Bibi peke yake hakutikisika. "Mimi shule sikuiona hata kupitia dirishani," alisema. "Lakini nesi yule nimemwona akifanya kazi miaka ishirini. Nitakwenda."

Alhamisi ya kwanza walikaa watu saba kwenye benchi. Nesi aliwangoja mpaka saa nane mchana, kisha akawaambia warudi nyumbani. Alhamisi ya pili walikuwa wanane. Nesi aliandika barua ofisini kuomba ruhusa afungue chupa hata kama watu hawajatimia, akaambiwa asubiri maelekezo. Kila nilipomwona Bibi akivaa nguo yake nzuri ya kutokea na kurudi nayo bila kuchomwa sindano, niligeuka nikashika ufagio. Nilijiambia wiki ijayo watatimia, na hapo uongo wangu utakuwa haujamdhuru mtu.

Alhamisi ya tatu walikuwa tisa. Shule zilikuwa zimefungwa tena, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsindikiza Bibi. Nesi alihesabu benchi kwa kidole, akahesabu tena, kana kwamba mtu angeongezeka katikati.

"Nichanje mimi," nikasema.

"Chanjo hii ni ya watu wazima, mwanangu. Kimbia kamwite baba yako. Mwambie namwomba dakika kumi tu. Mwambie ni kwa ajili ya mama yake."

Nilikimbia. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno: Baba, nilidanganya, mwalimu hakusema kitu. Nilimkuta ameinama anakaza mkanda wa mashine. Wateja watatu walikuwa wamekaa juu ya magunia yao, na Mama Mkaa alikuwa mmoja wao. Nikawatazama. Ningesema mbele yao wote kwamba Redio ni mwongo?

"Baba, Nesi anakuita. Wamebakiza mtu mmoja."

"Nesi amesikia alichosema mwalimu wako au hajasikia?" Baba alijibu bila kuinua kichwa. "Mwambie mashine haiwezi kuachwa."

Nilisimama pale kwa muda ambao ungetosha kabisa kusema ukweli. Kisha nikarudi zahanati nikitembea.

"Amekataa," nikamwambia Nesi.

Nesi alilifunga sanduku la baridi kwa kishindo. Bibi aliinuka polepole, akajipangusa, akanishika bega. "Twende, mke mwenzangu," alinitania kama kawaida yake. "Benchi hili litatuzoea mwishowe."

Baada ya siku kumi Bibi alianza kukohoa. Siku ya tatu ya kikohozi hakuweza kumaliza sentensi bila kupumzika. Tulimpeleka zahanati, Nesi akamkalisha, akampima, akatazama mtungi wa oksijeni uliosimama pembeni. Ulikuwa mtupu tangu mwezi uliopita. Alipiga simu kuomba gari la wagonjwa, nasi tukamsikia akibadilika sauti.

"Gereji? Wiki ya ngapi sasa iko gereji? Nina mgonjwa hapa anatafuta pumzi, unaniambia habari za gereji?"

Mama Mkaa ndiye aliyeleta pikapu yake ya kubebea mkaa. Tulimlaza Bibi nyuma juu ya godoro, Baba akimshikilia kichwa. Kabla hawajaondoka, Bibi aliniita kwa kidole, akasema kwa vipande: "Ungo wangu... usiuache... kwenye unyevu." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Hospitali ya mjini ilikuwa imejaa, akalazwa kwenye korido, na asubuhi ya pili Baba alirudi peke yake, ameshika nguo nzuri ya kutokea ya Bibi.

Sitaeleza mazishi. Mama alikuja, akakaa wiki moja, akalazimika kurudi kazini. Baba aliiwasha mashine kwa sababu watu walihitaji unga. Mahali pa Bibi mlangoni hapakukaliwa na mtu, na ungo niliutundika pakavu. Sikusoma ujumbe wowote. Watu walidhani ni huzuni, wakaniacha. Ilikuwa huzuni, ndiyo, lakini haikuwa huzuni peke yake.

Siku ya tisa baada ya mazishi, Mama Mkaa na wateja wengine wakingoja zamu, Nesi aliingia kwenye banda na bahasha ya kahawia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Baba Redio, zima mashine," alisema. Mashine ikazimwa. Akanipa barua. "Soma. Kwa ile sauti yako."

Nilisoma. Ilitoka ofisi ya afya, ina mhuri na sahihi. Ilisema vituo vyote vinaruhusiwa kufungua chupa ya chanjo hata kama amefika mtu mmoja tu.

"Soma na tarehe," Nesi alisema.

Niliisoma. Barua ilikuwa imeandikwa siku tatu kabla ya Alhamisi ile ya kwanza.

"Imefika leo," alisema Nesi. "Imelala juu ya meza ya mtu wiki zote hizo. Nilipiga simu, nikaandika, nikapigwa danadana, kumbe jibu lilikuwa limekwishaandikwa, limekosa mtu wa kuinuka na kulituma! Na gari la matangazo nalo halikuja, na watu wenyewe nao..." Hakumaliza. Alijifuta macho kwa mkono wa koti.

Hapakuwa na kelele yoyote ya kujificha ndani yake. Niliikunja barua, nikamrudishia Nesi.

"Mwalimu wa sayansi hakusema," nikasema.

"Hakusema nini?" aliuliza Baba.

"Kuhusu chanjo. Hakusema chochote. Nilidanganya, Baba. Watu walikuwa wananisikiliza, na mimi nikapenda. Na siku ile nilipokuja kukuita, nilitaka kukwambia, nikaona aibu." Kisha nililia kwa sauti ile ile iliyokuwa ikifika barabarani.

Mama Mkaa alijishika kichwa. Baba alikaa juu ya gunia. Nilingoja anipige. Hakunipiga. Akasema, "Na mimi sikumuuliza mwalimu. Shule ni pale, ninaiona nikiwa hapa mlangoni. Ilikuwa rahisi kwangu kukusikiliza wewe, kwa sababu sindano nilikuwa naiogopa tangu zamani." Alisimama, akajikung'uta unga, akafunga banda katikati ya siku ya kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Walikaa kwenye benchi la zahanati watu sita, wengine kutoka bandani, wengine wa Alhamisi zile; waliobaki wa Alhamisi zile walikuwa wamekata tamaa ya kungoja. Baba alikaa mwanzo wa benchi, mahali pa Bibi. Mama Mkaa alifika mpaka langoni, akasimama, akageuka. Alisema bado anaogopa, na kwamba sasa hajui amwamini nani. Mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Nesi akaifungua chupa. Kisha akanituma nipite mtaani kuita. "Waambie ukweli tu. Usiongeze, usipunguze." Nilipita mlango kwa mlango mpaka sauti ikakauka. Wengine walinifungia. Wengine waliuliza kama huyu si yule mtoto wa siku ile, nami nikajibu kwamba ndiye. Wakaja wawili.

Saa sita zilipotimia, Nesi aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Zilikuwa zimebaki dozi mbili. Aliitia chupa kwenye kisanduku cha taka, nikasikia ikigonga chini.

"Nesi," nikauliza, "Bibi angechanjwa, angepona?"

Alivua glavu kwanza. "Sitakudanganya. Sindano ya Alhamisi ya tatu ingekuwa imechelewa kumsaidia. Ya Alhamisi ya kwanza, labda. Labda tu, na wala sitakuapia." Akakaa karibu nami kwenye benchi. "Kila mmoja ana fungu lake katika jambo hili. Aliyeiacha barua mezani ana fungu kubwa kuliko wote, na yeye hata hajui kama bibi yako alikuwepo duniani. Nitaendelea kumwandikia mpaka ajue. Baba yako ana fungu lake, na leo amelibeba. Lako lipo, mwanangu. Ni dogo, lakini ni lako, na sitakwambia halipo ili ulale vizuri. Watu wanapokuamini, wanakukabidhi maisha yao bila kukwambia. Kwa hiyo sema unachokijua. Usichokijua, sema hukijui. Si aibu."

Siku hizi nasoma tena kwenye mashine. Kabla ya kusoma ujumbe, nasema kwanza nani ameuandika, na kama hakujitaja, nasema hakujitaja. Watu wanaona nawachelewesha. Juzi Mama Mkaa alinipa simu yake, nikamsomea ujumbe mrefu kuhusu dawa fulani ya majani inayomaliza kila ugonjwa. Mashine ilikuwa imezimwa, na watu wote walikuwa kimya wakinitazama.

"Na huko shuleni," aliuliza taratibu, "wanasemaje?"

Nilitazama ungo wa Bibi ukutani.

"Sijui, Mama Mkaa," nikamjibu. "Sijawauliza."