Ringi Iliyoshika Hesi Tatu

Majirani zangu, msinikunjie uso. Haya ninayosema mnayajua, maana sote tulikuwa tunasikia.

Asubuhi ile ya mapumziko mtaa ulikuwa shwari. Mshonaji alikuwa kibarazani na cherehani yake, akitia pindo mapazia ya mteja. Binti yake wa miaka kumi na mitatu alikaa karibu na miguu yake, akifumua mishono kwa wembe na kumchekesha mama kwa kuiga sauti ya mwalimu wa hesabu. Mumewe, ambaye tulimwita Kamanda ingawa kazi yake ilikuwa kulinda stoo ya saruji, alikuwa anajaribu kuwasha gari lake kuukuu. Likakohoa mara mbili, likazima. Akashuka na kupiga mlango teke. Cherehani ikasimama papo hapo. Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa: baba akikasirikia kitu, watu ndio wanaojikagua.

Mimi ni muuza mbao na nina pikapu. Akaniita nimvute mpaka gereji.

Gari lile halikuwa na ndoano ya kudumu. Lilikuwa na ringi ya chuma yenye mkia wa hesi, yaani mikunjo kama ya skrubu, inayokaa kwenye buti pamoja na jeki. Unabandua kifuniko kidogo cha bampa ya mbele, unaifunga ringi kwenye tundu lake, ndipo unatia kamba. Kamanda akapiga magoti, akaizungusha kulia. Ikakataa. Akaisukuma kwa nguvu, akaitukania mama yake, kana kwamba chuma kina mama.

"Mume wangu," mshonaji akasema, kitabu cha gari mkononi, "hiyo inafungwa kwa kushoto. Imeandikwa hapa. Na tundu lisafishwe kutu kwanza, ili iingie yote mpaka shingo yake iguse bodi."

Alisema kwa upole. Kofi lilimkuta kabla hajafunga kitabu. La pili likampasua mdomo.

"Unanifundisha gari mbele za watu?"

Akamshika nywele, akamgongesha paji la uso kwenye boneti mara tatu. Nilizihesabu. Binti akaja mbio: "Baba, basi! Mama kasoma tu!" Akachapwa spana ya magurudumu pajani. Akakaa chini, akajiuma midomo, wala hakulia. Alishajifunza kutolia.

Nami nilifanya nini? Nilisema, "Taratibu, kaka," nikajifanya nakagua upepo wa matairi. Fundi viatu wa upande wa pili aliongeza sauti ya redio. Naona aibu mpaka leo, na yeye namwomba aone aibu pia.

Kamanda akarudi kwenye ringi na kuizungusha kushoto. Ndiyo, kushoto, kama alivyoambiwa na mke anayevuja damu. Ikaingia hesi moja, ya pili, ya tatu, ikakwama kwenye kutu. Akaigonga nyundo.

"Imekaza!"

Shingo ya ringi ilikuwa bado mbali na bodi, vidole viwili hivi. Mshonaji aliiona. Akafuta damu kwa kipande cha pazia, akanyamaza. Mimi nami niliiona, nikajiambia gari si langu.

"Wewe," Kamanda akamwambia binti, "panda nyuma ya pikapu. Uangalie kamba na ringi. Kukiwa na tatizo, piga kelele."

Mama akapiga hatua moja. "Mtoto asikae hapo..."

Spana ikainuliwa. Mama akarudi nyuma, binti akapanda, Kamanda akashika usukani wa gari lake. Nikatia gia.

Kamba ya nailoni ilivutika, ikavutika, kisha nikasikia mlio kama wa bunduki. Ringi ilichomoka na kurudi na kamba kwa kasi isiyoonekana. Ilimpata binti mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, ikavunja mfupa na kupita. Nilipofika nyuma, mkono ulikuwa unaning'inia kwa ngozi na mishipa, damu inaruka kwenye mbao zangu. Mama yake aliufunga kwa pazia, akakaza kwa mikono miwili, akimwita mwanawe bila kupumzika mpaka hospitali.

Daktari aliukata mkono. Maisha aliyaokoa.

Tulipoambiwa hivyo pale kwenye korido, Kamanda alimrukia mkewe na kumkaba koo.

"Ulijua haijakaza! Ulijua! Kwa nini hukusema?"

Hapo ndipo nilipomkamata kwa mara ya kwanza. Nilimpiga ngumi ya mbavu, yeye akanitoa jino, tukaanguka pamoja na viti mpaka walinzi wakaja. Polisi walimchukua, na nikaandika maelezo yote, pamoja na ya miaka iliyopita. Siku hizi mshonaji amehamia na binti kwa dada yake.

Lakini ngumi ile haikunipa raha. Kesho yake nilikuwa mlangoni pa wodi muuguzi alipomuuliza binti, "Mwanangu, si uliambiwa uangalie ringi? Hukuona kitu?"

"Niliiona," akajibu. "Ilikuwa inacheza tangu gari lilipoanza kusogea. Niliogopa kumwambia baba kwamba hakuikaza."

FUNZO

Baba unayejisifu kwamba nyumbani kwako hakuna anayekujibu, jua umewaziba midomo wale wale wanaoiona hatari usiyoiona. Watakuogopa kuliko wanavyoogopa kifo. Na sisi majirani, kipigo cha nyumba ya pili si mambo yao ya ndani. Tukisikia, tutoke, tugonge mlango, tuite watu, turipoti. Mkono wa yule mtoto haukukatwa na chuma peke yake. Sote tuliokaa kimya tulisaidia kuukata.