Nguzo Nyuma ya Gari Jekundu

Mama wa usafi alikuwa uani, kwenye bomba, anakamua matambara ya kufutia vioo, aliposikia ngurumo ndani ya duka la magari, kisha kishindo kilichotikisa madirisha. Alilitupa tambara, akakimbilia ndani kwa mlango wa nyuma aliokuwa ameuacha wazi.

Gari jekundu, lile la zamani, lilikuwa limejibamiza kwa nyuma kwenye nguzo ya saruji. Taa ya kushoto imepasuka, bodi imejikunja kama kopo lililokanyagwa. Injini imezimika. Ndani hamna mtu, wala ufunguo haupo. Na shata kubwa la mbele, ambalo yeye alikuwa bado hajalifungua, lilikuwa limepandishwa juu, kiasi cha gari kupita.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Saa mbili Inspekta alikuwa amefika. Kituoni walimwita Polepole, na hata wanawe nyumbani walimwita hivyo akiwa hayupo, kwa sababu mwanamke huyo hakuwahi kuonekana akikimbilia jambo lolote. Alipoingia alikuta konstebo wake ameshamtia pingu Fundi, mzee mmoja mwembamba mwenye ovaroli iliyopigwa pasi.

"Inspekta, usijisumbue kuzunguka," alisema mwenye duka, jasho linamtoka ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. "Mtu wako yule pale. Mpeleke."

"Nimpeleke kwa kosa gani?"

"Ufunguo wa akiba anakaa nao yeye. Na juzi alisema mbele ya watu wote hapa: siku jekundu likitoka, mnitoe na mimi. Leo lilikuwa litoke."

Polepole alimgeukia Fundi. "Ulisema?"

"Nilisema, afande. Nimelihudumia miaka mingi. Mtu hasemi mapenzi yake?"

"Saa kumi na mbili na nusu ulikuwa wapi?"

"Kibandani huko nyuma, nakunywa chai."

"Na nani?"

Fundi alizitazama pingu. "Peke yangu."

Mwenye duka aliguna kama mtu aliyeshinda kesi.

Ilibidi Polepole aelezwe mwanzo. Dukani kulikuwa na magari mawili ya mbio, ya kampuni moja: jekundu la zamani, la gia za mkono, na la rangi ya fedha, toleo jipya la umeme, lisilo na klachi. Mteja mmoja, mfanyabiashara wa mabati ya kuezekea aliyejulikana kama Mzee wa Mabati, alikuwa anayumba kati ya hayo mawili kwa mwezi mzima. Leo kabla ya adhuhuri alitakiwa aseme moja, kwa kuwa mteja mwingine alikuwa anasubiri kuchukua litakalobaki. Na duka hilo lilikuwa na mtindo wake: siku ya mwisho mteja hupewa funguo za magari yote mawili alale nazo nyumbani.

"Zikilala mkononi, moyo unachagua wenyewe," alieleza mwenye duka.

"Kwa hiyo ufunguo wa jekundu uko pia kwa Mzee wa Mabati."

"Nimempigia simu. Ameamka ameukuta palepale alipouweka, mezani karibu na kitanda. Anakuja."

Polepole alilizunguka gari taratibu. Pua yake ilielekea shata, na mbele yake sakafu ilikuwa tupu mpaka barabarani. Aliyepandisha shata alitaka kutoka. Sasa mtu anayetaka kutoka, na njia iko mbele yake, amerudi nyuma kufanya nini? Aliingia, akakaa kwenye kiti cha dereva. Alama za vidole hakuhangaika nazo. Usukani ule ulikuwa umeshikwa na nusu ya mji. Kichwa cha gia kilikuwa tufe jeusi, laini, tupu.

"Fundi, mbona hiki hakina namba?"

"Chenyewe kimeenda kung'arishwa, afande. Hicho nimekiazima tu. Namba za nini, kwani? Anayelijua analijua." Alisogea na pingu zake. "Gia za hili si kama za magari mengine. Juu kushoto, mahali ambapo wewe umezoea gia ya kwanza, hapo pana rivasi. Ya kwanza iko chini yake. Waliolitengeneza walikuwa wanafikiria mashindano, na kwenye mashindano nani anarudi nyuma?"

"Nani wanaojua hilo?"

"Mimi. Bosi, ambaye alilala kwake, mji wa pili, na amefika baada ya wewe kupigiwa simu. Na Mzee wa Mabati. Nilimfundisha juzi tulipotoka kulijaribu. Alicheka mpaka akatoa kitambaa kufuta machozi."

 Fundi asingeweza kukosea gia ile hata akiwa usingizini. Lakini hilo halikumsafisha. Gari lililovunjika haliuzwi. Linabaki, na anayelitengeneza ni yeye. Hata shata angeweza kulipandisha yeye ili ionekane kazi ya mwizi. Shaka ikabaki inamzunguka mzee yule kama nzi.

Muuzaji wa duka aliingia akijirekebisha tai. Tai zake zilikuwa zinang'aa hivi kwamba wenzake walimwita Tai, na jina lake halisi halikuwepo tena midomoni mwa watu.

"Wewe ungependa mteja achukue lipi?" Polepole alimuuliza.

"La fedha, bila kuficha. Kuna bakshishi nono kwenye toleo jipya."

"Basi jekundu likiumia, wewe unafaidi."

Tai aliangalia huku na huku, akashusha sauti. "Inspekta, nitakuambia, ila lisitoke hapa. Mimi gari la klachi sijui kuliendesha. Hata kuliwasha siwezi. Wateja wakitaka kulijaribu, nasema bega linaniuma, Fundi anaendesha."

Fundi alicheka kwa puani. "Bega la kila siku! Nilidhani una ugonjwa wa mifupa."

Nje pikapu ilisimama, dereva akiishusha gia kwa ustadi, bila mkwaruzo. Mzee wa Mabati alishuka upande wa abiria, akishikilia mlango kidogo kabla ya kukanyaga chini. Dereva alikuwa binti yake, mwanamke wa makamo, mikono imekakamaa kwa kazi. Ndiye aliyesambaza mabati ya baba yake mjini kote.

Mzee aliiona nguzo, akashika kichwa. "Yarabi! Nani kalifanyia hivi?"

"Baba, labda ni ishara," alisema binti. "Chukua lile la fedha, turudi."

"Ishara ya nini? Nilikuwa nimeshaamua. Jekundu!"

Polepole aliliweka neno hilo akilini. "Mzee, nyumbani waliyajua maamuzi yako?"

"Niliwaambia jana wakati wa kula. Hawakufurahi."

"Na habari za gia, uliwaambia?"

"Thubutu! Hiyo niliificha. Nilitaka huyu binti yangu, anavyojidai dereva, akae humo siku ya kwanza arudi nyuma, nimcheke."

"Wewe dada," Polepole alimwambia binti, "gari hili umewahi kuligusa?"

"Mimi? Kulisikia tu. Hata sijui lina gia ngapi. Juzi nilimleta baba nikabaki kwenye pikapu."

"Vizuri sana. Nahitaji mtu asiyelijua." Polepole alifungua mlango wa gari jekundu. "Injini imezimwa, magurudumu yamewekewa vigingi. Wewe ukae tu hapo, uweke gia ya kwanza, nione mkono wa mgeni unaenda wapi. Unanisaidia kumfunga yule au kumwachia."

Binti alimtazama Fundi, akaziona pingu, akatazama pembeni haraka. Kukataa kusingependeza. Aliingia, akakanyaga klachi, akashika lile tufe jeusi.

Mkono wake ulienda kushoto, ukaanza kupanda. Kisha ukasita. Ukarudi, ukavuta chini. Gia ikaingia, *kach*.

 Tai aliacha kujirekebisha tai yake.

"Umeweka ya kwanza," alisema Polepole, sauti ileile ya upole. "Dereva yeyote wa pikapu angesukuma juu. Nani alikuonyesha?"

"Nadhani… baba alisema."

"Mwanangu," Mzee wa Mabati alijibu taratibu, "mimi sikusema."

"Basi lilikufundisha gari lenyewe," alisema Polepole. "Leo asubuhi. Uliuchukua ufunguo baba amelala, ukapita mlango wa nyuma mama wa usafi akiwa bombani, ukapandisha shata. Ukasukuma gia juu kama ulivyozoea maisha yako yote, ukakanyaga mafuta. Nguzo ikakusahihisha, ukakimbia na ufunguo, ukaurudisha kabla baba hajaamka. Somo kama hilo mkono hausahau."

Binti alikaa mle ndani, mikono magotini. "Sikutaka kulivunja," alisema mwishowe. "Nilitaka kulificha kwenye ghala letu mpaka adhuhuri ipite. Angelikosa, angechukua la fedha, jioni ningelirudisha. Fundi, nisamehe mzee wangu. Sikujua watakukamata wewe."

"Lakini ulipofika ukaniona nimefungwa," alisema Fundi, "ukanyamaza."



"Kwa nini?" Mzee wa Mabati alifoka. "Fedha zangu, gari langu, wewe linakuuma nini?"

"Mguu wako, baba! Tangu ulipoanguka mwaka jana, mguu wa kushoto haukutii. Unadhani sikuoni unavyoshikilia mlango? Hawa hukuwaambia. Juzi ulipolijaribu, nani alikanyaga klachi?"

Macho yote yalimwendea Fundi. "Alikaa kwenye usukani tu," alisema. "Niliposema aweke gia, alisema ananiachia mimi, anasikiliza injini. Tukabadilishana viti."

"Uongo mtupu! Toka humo!"

Mzee alimtoa binti yake, akaingia kwa tabu. Aliweka mguu wa kushoto kwenye klachi, akasukuma. Klachi ya gari lile ilikuwa nzito kama mlango wa stoo. Ilishuka nusu. Paja likaanza kutetemeka, kitambaa cha suruali kikacheza, wote wakaona. Halafu klachi ikamrudisha mguu juu, ikagonga *tap*.

Aliuachia usukani.

"Mfungueni Fundi," alisema.

Konstebo alimtazama Polepole, akafungua pingu.

"Fundi, litengeneze, gharama juu yangu zote. Na wewe bosi, niletee karatasi za lile la fedha."

"Kesi yangu je?" aliuliza mwenye duka.

"Maelezo ataandika kituoni," alisema Polepole, akimshika binti mkono. "Hayo mengine mtazungumza mbele yangu, na Fundi akiwepo. Yeye ndiye wa kwanza kuombwa radhi, tena na wewe bosi."

Tai alifunga namba za majaribio kwenye gari la fedha, kimyakimya, bila kutaja bakshishi. Mzee wa Mabati aliingia. Mlango ulimfungukia wenyewe. Binti alikuwa ameshakaa kwenye gari la polisi, dirisha liko wazi. Mzee alibonyeza kitufe. Taa ndogo zikawaka kwenye dashibodi. Hapakusikika ngurumo, wala mtetemo, wala chochote.

Alisubiri. Kisha akatoa kichwa nje.

"Limewaka?"

Fundi aligeuza uso, akaanza kuokota vipande vya taa nyekundu.

"Limewaka, baba," alijibu binti. "Kanyaga taratibu. Tufuate kituoni."