Mkono Ulio Dhaifu Kwanza

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, Twyla alimvalisha babu yake shati. Mama yake, Ranelle, alikuwa ameshaondoka tangu saa kumi na moja alfajiri kwenda kiwandani kukata mabawa ya kuku. Kwa hiyo kazi ya shati ilikuwa ya Twyla, na Twyla alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Babu Hobert alipatwa na kiharusi miezi saba iliyopita. Mkono wake wa kushoto ulining'inia tu. Twyla alianza na wa kulia, kwa sababu ulikuwa rahisi kuingia. Kisha aliuvuta ule wa kushoto, akaupinda nyuma na kuusukuma ndani ya shati. Babu aliuma meno.

"Endelea, binti," alisema. "Hilo basi halitasubiri nimalize kulalamika."

Mchana jirani alimchungulia, na jioni Mama alimvalisha nguo za kulalia vilevile. Hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Mwezi Machi Mama alisema amechoka na kuku. Alitaka kuwa muuguzi msaidizi mwenye cheti cha jimbo la Arkansas, mtu wa kuwaogesha wagonjwa, kuwalisha na kuwageuza kitandani. Njia zilikuwa tatu, na jioni moja alizipanga mezani kando ya sufuria ya maharagwe. Kulikuwa na chuo cha mji wa jirani, lakini kilikuwa mbali na pikapu yao haikuaminika. Kulikuwa na masomo ya kwenye simu, siku kumi na mbili bila kutoka nyumbani. Halafu kulikuwa na Harlow, nyumba ya wazee iliyo juu ya kilima. Wao walifundisha bure kwa wiki sita, kila siku ya kazi kuanzia saa tisa na nusu alasiri hadi saa mbili usiku, na aliyefaulu alipata kazi hapohapo.

Mjomba Verl, kaka yake Mama, alikuwa akimega mkate wa mahindi. Alimwuliza dada yake kama bado anakumbuka jinsi ya kukaa darasani, maana mara ya mwisho alitoroka kwa kupitia dirishani. Mama alicheka, lakini masikio yalimwiva kwa aibu. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na sita, na darasa lilimtia hofu mpaka leo. Hata hivyo aliweka kidole kwenye karatasi ya Harlow.

"Hii," alisema. "Nataka mtu aiangalie mikono yangu, aniambie nakosea wapi."

Jumatatu alasiri simu ya nyumbani ililia wakati Mama amekwenda kuchukua dawa za Babu. Alikuwa Nesi Odessa, mwalimu wa Harlow. Alisema nafasi imebaki moja. Mama aje kabla ya Jumatano saa kumi na moja jioni, achomwe sindano ya kupima kifua kikuu kwenye ngozi ya mkono. Kipimo kile husomwa baada ya siku mbili, na Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya kuandikishwa. Bila kipimo hakuna anayeruhusiwa kuwagusa wazee.

Twyla aliandika yote kwenye karatasi. Kisha alianza kufikiri. Mama akiwa darasani hadi saa mbili usiku, nani atakaa na Babu? Ni yeye. Na mazoezi ya softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, yalikuwa saa kumi jioni. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kocha alikuwa amempa nafasi ya kurusha mpira. Aliikunja ile karatasi, akaificha ndani ya glavu yake ya kuchezea.

Mama aliporudi, Twyla alisema, "Walipiga kutoka Harlow. Wanasema nafasi zimejaa."

Mama alisimama kidogo na mfuko wa dawa mkononi. Alikwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumanne jioni alifungua lile somo la simu, la bure la kuonja, akaiegemeza simu kwenye kopo la chumvi. Kesho yake alikusudia kujiandikisha. Somo lilikuwa la kumvalisha mgonjwa. Katuni ya mzee ilitabasamu, na mara shati likawa mwilini. Mama alirudia mara tatu. Kisha akamgeukia Babu. Akaanza na mkono wa kulia, halafu akauvuta wa kushoto. Chozi moja lilimtoka Babu, likateremka hadi kwenye ndevu.

Mama aliliacha shati likining'inia nusu. "Labda mikono yangu ni ya kuku tu," alisema polepole.

Twyla alikuwa amesimama mlangoni. Alikwenda chumbani, akaichukua glavu, akaitoa karatasi na kuiweka mezani.

"Hazijajaa," alisema. "Nilidanganya. Nilitaka kucheza."

Mama aliisoma karatasi mara mbili. Hakupiga kelele, ingawa Twyla angeona nafuu kama angepiga. Alisema kesho watakwenda wote, na Twyla atamwambia yule nesi kwa mdomo wake mwenyewe. Hata wakikuta nafasi imechukuliwa, atasema.

Jumatano pikapu ilikataa kuwaka mara mbili. Walifika Harlow saa kumi na moja kasoro dakika kumi, Mama akiwa bado na buti za mpira za kiwandani, Babu kwenye kiti chake cha magurudumu kwa kuwa hapakuwa na muda wa kumtafuta mtu wa kukaa naye. Nesi Odessa, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikuwa anafungasha mkoba wake.

Twyla alieleza. Alikosea katikati, akaanza upya, akamaliza.

Nesi aliuweka mkoba chini. "Asubuhi kuna mtu ameiomba hiyo nafasi," alisema. "Nimemwambia asubiri. Mimi nikisema saa kumi na moja, ni saa kumi na moja." Akamgeukia Mama. "Kunja mkono wa shati, mama. Tuna dakika sita."

Sindano iliacha uvimbe mdogo kama wa kuumwa na mbu. Nesi alimwonya asijikune.

Kiyoyozi cha pale kilikuwa kikali na Babu alianza kutetemeka. Mama alichukua koti la Babu, akaanza na mkono wa kulia.

"Ngoja," alisema Nesi Odessa. "Mkono upi una udhaifu?"

"Wa kushoto."

"Basi anza na huo. Ulio dhaifu kwanza, wakati koti bado limelegea. Ulio mzima utajitafutia njia."

Aliweka mikono yake juu ya mikono ya Mama, wakaliingiza koti taratibu. Lilipita bila kuvutwa. Kisha Babu akaupeleka mkono wake wa kulia mwenyewe.

"Miezi saba," alisema Babu. "Miezi saba mnanikunja kama kuku wa kwenye trei."

Nesi alicheka mpaka akavua miwani. Mama alicheka pia, huku macho yamemjaa machozi. "Mbona hukusema, Baba?"

"Niseme nini? Nilidhani lazima iume."

Walipoingia kwenye pikapu, Mama hakuiwasha mara moja. "Kutaka kucheza si kosa," alimwambia Twyla. "Ungeniambia unataka kurusha mpira, tungekaa tukatafuta njia. Verl anatoka kazini saa tisa, kisha anakaa tu barazani na chai yake ya barafu. Lakini ulidanganya. Ukimdanganya mtu, unamchagulia njia bila yeye kujua. Mimi ningepotea, na babu yako angeendelea kuumia kila asubuhi."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Ila wiki mbili za kwanza za mafunzo hakuna mpira, utakaa na Babu. Baada ya hapo Verl atawapeleka nyote wawili uwanjani."

"Mniweke karibu na mwamuzi," alisema Babu. "Nina maneno ya kumwambia."

Ijumaa Nesi Odessa alipitisha kidole juu ya mkono wa Mama. Ngozi ilikuwa laini, haina uvimbe, yaani hakuwa na kifua kikuu. Akaliandika jina la Mama kwenye orodha ya darasa.

Jumatatu asubuhi Twyla alilichukua shati. Akaanza na mkono wa kushoto, polepole, kisha akaachia na kusubiri. Babu alinyoosha mkono wa kulia, akapapasa nyuma, akalipata tundu, akaingiza. Nje basi lilipiga honi.

"Haikuuma," alisema Babu. "Haya, kimbia."