Duara Nyuma ya Tairi

Kila jioni, basi la shule likishamshusha Odessa Baines kwenye njia panda ya Harlow, alikuwa na kazi tatu za kufanya kabla ya kufungua vitabu vyake. Aliwapa kuku maji. Alipasha moto maharage na mkate wa mahindi ambavyo mama aliviacha alfajiri. Kisha alikwenda nyuma ya nyumba kumpimia kaka yake mbio. Kazi hiyo ya tatu aliipenda kuliko zote.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha nyasi kilichofika hadi ukingo wa bwawa la kambare. Javaris alianzia mbio zake kwenye nguzo ya kamba ya nguo na kumalizia kwenye tairi kuukuu la gari. Odessa alisimama kando ya tairi, saa ya kupimia mbio mkononi. Kocha Haskew, aliyefundisha besiboli pale sekondari, ndiye aliyepima umbali ule kwa utepe wake wa chuma na kuliweka tairi kwa mkono wake.

"Yadi sitini kamili," alisema siku ile. "Wasaka vipaji hawakuulizi habari za nyumbani, Javaris. Wanatazama saa kwanza."

Javaris alikuwa mwaka wa mwisho. Mkono wake ulijulikana wilaya nzima. Alikuwa akirusha mpira kutoka mwisho wa uwanja ukatua ndani ya glavu ya mwenzake kama mtu anayempa kitu mkononi. Miguu ndiyo iliyokuwa na matatizo. Na pale Harlow, kijana aliyemaliza shule bila kuchukuliwa na mtu, alichukuliwa na kiwanda cha kuchuna kambare. Mama yao alikuwa huko tangu Odessa hajazaliwa. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na hata Jumapili, akiwa amevaa gauni la kanisani, harufu ya samaki ilimtangulia mlangoni.

"Mimi siendi kule," Javaris alizoea kusema. "Na Mama nitamtoa."

Majira ya baridi mwaka ule yalikuja na mvua nyingi. Uwanja wa shule ukawa tope tupu, kwa hiyo Javaris akafanya mazoezi nyumbani. Kila jioni alikimbia, na kila jioni saa ilisema neno lile lile: sekunde saba na nukta mbili. Wasaka vipaji walitaka chini ya saba. Siku moja alipiga teke ndoo ya kuku ikaviringika hadi bwawani. Usiku hakula. Mama alikaa mezani akiitazama sahani ya Javaris iliyojaa.

Kesho yake Odessa alitangulia nyuma ya nyumba. Alilitazama tairi kwa muda mrefu. Kisha akaliinamia, akalisukuma hatua chache kuelekea kwenye nguzo. Pale lilipokuwa limelala pakabaki duara la udongo mweusi na nyasi zilizonyauka. Akalifunika kwa majani makavu ya msonobari.

"Ni leo tu," alijiambia. "Afurahi kidogo. Kesho nitalirudisha."

Javaris alikimbia. Odessa akabonyeza saa, akasoma, "Sita na nukta saba."

"Unasemaje wewe?"

"Tazama mwenyewe."

Javaris aliinyakua saa, akapiga ukelele uliowarusha bata bwawani. Alimbeba Odessa mgongoni hadi jikoni. Usiku ule alikula sahani mbili, na mama akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Odessa alikuwa hajamsikia mama yake akicheka hivyo tangu baba alipoondoka.

Kesho yake hakulirudisha tairi. Wala keshokutwa. Angelirudishaje, na kicheko kile kilikuwa bado kimo nyumbani?

Jumamosi moja Kocha Haskew alikuja mwenyewe na saa yake. Tairi aliliweka yeye, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kupima ardhi tena. Alipoona sita na nukta saba alivua kofia. "Nitampigia simu Mzee Ostrander," alisema. "Yule huzungukia shule zote za jimbo hili kusaka wachezaji wa timu kubwa. Nikimwambia njoo, atakuja."

Habari ikaenea kama moto wa nyasi. Shuleni, Tookie, aliyekaa dawati moja na Odessa, akaanza kumchokoza. "We Dessa, kaka yako akiwa tajiri utatukumbuka kweli sisi wanuka samaki? Au utatuzibia pua?"

Odessa alijaribu kucheka. Kisha akainamia daftari lake.

Mwezi wa tatu chuo kimoja kidogo kilimwita Javaris. Hawakujali sana miguu yake. Walitaka ule mkono, nao walikuwa tayari kumsomesha. Lakini walitaka jibu kabla ya wiki kwisha. Odessa alikuwa nyuma ya mlango kaka yake alipojibu simu.

"Ninashukuru, bwana. Ila mimi nawasubiri wakubwa."

Odessa alishika kitasa. Hakukizungusha. Akasikia simu ikiwekwa mezani. Akarudi chumbani kwake polepole, akajifunika blanketi ingawa jua lilikuwa bado halijatua.

Mzee Ostrander alikuja mwezi wa nne, uwanja wa shule ulipokuwa umekauka. Alikuja na vijana wawili wenye saa kama yake. Alitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda ndani ya kikombe cha karatasi. Alianza na mkono wa Javaris, akiuelekezea mpira mashine ya kupimia kasi. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akafungua utepe mpya, akapima yadi sitini juu ya nyasi, akachora mstari wa chokaa.

Kutoka kwenye viti, Odessa aliuona mstari ule ulivyokuwa mbali. Alifumba macho.

Alipoyafumbua, Javaris alikuwa ameshamaliza, amejishika magoti. Wale watatu walionyeshana saa zao.

"Haskew," Mzee Ostrander alisema, "uliniambia sita na nukta saba. Mimi nimepata saba na nukta mbili. Wenzangu vile vile."

"Akimbie tena, mzee. Tafadhali."

Javaris alirudia. Ikawa saba na nukta tatu.

Mzee hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alimpa Javaris mkono. "Mkono unao, kijana. Miguu hapana." Kisha akamgeukia Kocha. "Nimeendesha gari tangu alfajiri kwa sababu ya neno lako. Safari nyingine nitafikiri mara mbili." Akachukua kikombe chake cha maganda, akaenda.

Jioni ile Javaris alimleta Kocha nyumbani, anazungumza bila kupumua. "Saa zao mbovu, Kocha! Nyasi za pale nzito! Njoo upime hapa, uone mwenyewe!" Mama alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini, bado amevaa buti zake nyeupe za mpira. Akawafuata hadi nyuma ya nyumba.

Kocha alitoa utepe wake wa chuma. Akaifunga ncha moja kwenye nguzo.

Odessa aliwapita wote. Alipita tairi, akaingia kwenye nyasi ndefu ambazo Javaris hakuzifyeka, kwa sababu hazikuwa njiani mwake. Akazitenga kwa mikono, akasimama ndani ya duara ambalo nyasi zilikuwa bado hazijaota.

"Ni hapa, Kocha," alisema. "Tairi lilikuwa hapa. Nililisogeza mimi."

Utepe ulimponyoka Kocha, ukajikunja wenyewe kwa kishindo.

Javaris alilitazama duara, akalitazama tairi. Odessa alisubiri apigiwe kelele, na angependa apigiwe. Javaris alikaa juu ya tairi kama mzee.

"Kile chuo nilikikataa, Dessa," alisema.

"Najua."

"Ulijua?"

Odessa alilia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Kocha aliwapigia watu wa chuo hapo hapo. Nafasi ile walikuwa wameshampa mwingine. Mwakani labda, walisema, kwa sauti ya watu wasiotaka kusumbuliwa. Mama akamnyooshea Odessa simu. "Sasa mpigie yule mzee. Kocha amepoteza jina kwa kosa lako. Wako watoto wengine pale shuleni, na nani atakuja kuwatazama?"

Odessa alisema yote. Alisikilizwa hadi mwisho. Kisha Mzee Ostrander akasema, "Mwambie Haskew nitaendelea kupokea simu zake. Lakini kaka yako, binti, saa imeshasema. Siwezi kuibishia."

Shule ilipofungwa, Javaris alivaa buti nyeupe za mpira, akapanda gari la kiwanda pamoja na mama. Wiki ya kwanza hakumsemesha Odessa. Odessa alilirudisha tairi mahali pake. Lilikaa sawasawa juu ya lile duara, kama kifuniko juu ya chungu chake.

Jioni ya Ijumaa Javaris alikwenda mwenyewe kwenye nguzo, harufu ya kambare ikimfuata. "Lete saa," alisema.

Alikimbia. Odessa alibonyeza, akasoma. "Saba na nukta nne."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama vizuri."

Javaris alitema mate, akarudi kwenye nguzo taratibu. Hakuna aliyekuwa akija kumtazama tena, na wote watatu walijua, yeye, Odessa na mama.

Mama alikuwa ameketi ngazini akijisugua vidole kwa limau. Alimwita Odessa, akamsogezea nafasi.

"Wasemao njia ya mwongo ni fupi hawakukosea," alisema. "Najua hukumchukia kaka yako. Ulimpenda, ukashindwa kumwona akihuzunika. Lakini saba na nukta mbili ilikuwa mali yake, Dessa. Angeijua, angelia usiku mmoja, halafu angekiambia chuo kile ndiyo. Ulimpunguzia huzuni ya siku chache ukampa ya miaka. Ukimpenda mtu, mpe kipimo chake hata kama kinauma. Halafu kaa naye."

"Na sasa nifanye nini, Mama?"

Kule kwenye nguzo Javaris alikuwa ameshainama tena, anasubiri.

"Nenda kasimame kwenye tairi," mama alisema.