Mama Aliniita Katikati ya Mtihani

"Asmaaaa!"

"Abee!"

Neno moja tu, jamani. Moja! Nilipolitamka, skrini ya laptopu ikawa nyekundu pyu, na maandishi yakatokea: SAUTI YA MTAHINIWA IMESIKIKA. MTIHANI UMEFUNGWA.

Nikabaki na kalamu hewani...

Nilibonyeza kila kitufe, hata vile ambavyo sijui kazi yake. Nikaiambia ile laptopu "samahani, samahani, nilikuwa naitika tu!" Laptopu haijui samahani.

Sasa wenzangu wa bara mtaniuliza, kwani ulilazimishwa kuitika? Si ungenyamaza!

Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Likoni, Mombasa. Kwetu mtoto wa kike akiitwa na mkubwa wake husema "abee" kabla hata hajajua anaitiwa nini. Hata ukiwa na tonge mdomoni, utalimeza zimazima uitike. Nimefunzwa hivyo tangu sijaota meno. Si jambo unaloliamua, linakutoka lenyewe kama chafya.

Na aliyeniita alikuwa mama. Mama yuleyule aliyekuwa ameketi mlangoni kunilinda nisisumbuliwe!

Ngojeni niwaeleze vizuri...

Mimi naishi Shika Adabu, hukohuko Likoni. Wakati huo nilikuwa kidato cha tatu, nina miaka kumi na saba, na ugonjwa wangu ulikuwa hesabu. Si hizi za kutafuta x, hizo x zinajulikana zilipo. Nazungumzia hesabu za kuthibitisha, ambazo jibu unalijua tangu asubuhi lakini kueleza kwa nini ndilo jibu kunakumaliza mchana kutwa. Mimi hizo nilizipenda mpaka nikawa naziota.

Aliyenigundua ni mwalimu wangu wa hesabu, Mwalimu Mutua, mtu wa bara anayekaa Magongo. Akaniandikisha kwenye programu ya hesabu za juu kwa wanafunzi wenye vipaji kutoka Kenya nzima. Ni ya miaka miwili. Kila likizo unakwenda kambini Nairobi, unafundishwa na maprofesa, na wengi wakimaliza huchukuliwa na vyuo vya ng'ambo.

"Asmaa, hii kitu ni yako," aliniambia. "Sijawahi ona mwanafunzi kama wewe. Usicheze nayo!"

Nikapita mchujo wa kwanza. Nikapita wa pili. Ukabaki mtihani wa mwisho, wa kufanyia nyumbani, kamera na maiki zikiwa wazi. Na ukishaingia kidato cha nne hawakuchukui tena. Kwangu ilikuwa mwaka ule au basi.

Siku Mwalimu Mutua alipokuja nyumbani kuomba ruhusa, mjomba Rashid nusura aruke kwa furaha. Mjomba ni kaka yake mama, na tangu baba afariki yeye ndiye msemaji wa nyumba yetu.

"Mwalimu, mchukue! Huyu ni mwanenu. Sisi tumeshakubali, kwa nini tukatae heri?"

Mama akatoka jikoni na sinia ya chai. Majirani wakampa hongera. Akatabasamu, akarudi jikoni.

Asubuhi ya mtihani, tukistaftahi, nikamweleza masharti.

"Kelele za nje si neno, mama. Wanatoa onyo tu. Lakini mimi mwenyewe nikifungua mdomo, wanafunga palepale. Watadhani kuna mtu ananipa majibu."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

"Na wakishafunga, hawafungui?"

"Hawafungui."

Mama akanimiminia chai nyingine ilhali kikombe changu hakijaisha.

Na wallahi alinilinda! Alinipa chumba chake. Alimwendea jirani akazima redio kwa mkono wake mwenyewe. Aliwafukuza kuku wa watu. Kisha akatandika mkeka nje ya mlango, akaketi.

"Atakayepita hapa atapita juu ya mgongo wangu," akasema.

Mara akapita muuzaji mmoja mwenye mkokoteni na kipaza sauti...

"Dawa ya panya! Dawa ya mende! Dawa ya kunguni! Wanakufa wote na wajukuu zao!"

Onyo la manjano likatokea kwenye skrini. Nikamsikia mama akimtimua mbio huko nje.

"We bwana! Hebu nenda kauze sumu yako Mtongwe, hapa kuna mtoto mtihanini!"

Nilicheka kimoyomoyo. Nikajisemea, nikiwa na mama kama huyu nani ataniweza?

Swali la nne lilikuwa tamu mno. Katika karamu ya watu sita, thibitisha kwamba lazima wapo watatu wanaojuana wote, au watatu ambao hakuna anayemjua mwenzake. Mnacheka? Hapa Shika Adabu harusi nzima inajuana, swali limekwisha! Lakini wao wanataka kwa watu wowote sita duniani. Na mimi nilishaiona njia. Nilishamchagua mtu mmoja, nilishawagawa wale watano waliobaki, mstari wa mwisho uko kwenye ncha ya kalamu...

"Asmaaaa!"

Mengine mnayajua.

Nikafungua mlango kwa fujo. Mama yuko palepale mkekani, machozi yanamtiririka.

"Mama! Umenifungisha mtihani!"

Alilia kwa kwikwi. Nikaona aibu kumpandishia sauti mzazi wangu. Nikaketi nikamkumbatia. Yaani mimi niliyefungiwa ndiye niliyekuwa nambembeleza!

"Basi mama. Umesahau tu. Si kosa lako."

Mjomba Rashid akaja akasema Mwanarehema, yaani mama, amesahau, mja hakosi kusahau. Majirani wakasema amesahau. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa umekubaliana kwamba mama Asmaa alisahau.

Nikatuma ujumbe kwa wenye programu. Likaja jibu la mashine: tumepokea, asante. Nikatuma tena. Tumepokea, asante.

Mniamini, ni afadhali kufeli. Ukifeli unajua ulikosea wapi, utasoma urudi tena. Mimi nilikuwa na jibu kichwani na sina pa kuliandika. Nililia hadi nikachoka, nikawa natazama paa tu.

Baada ya siku chache, alasiri, Mwalimu Mutua akaingia akihema.

"Asmaa! Nimewapata kwa simu! Kuna matumaini!"

Akaita watu wote barazani, akaiweka simu kwenye kigoda, akawasha spika. Upande wa pili alikuwa mratibu wa programu, dada mmoja mpole aitwaye Cheryl.

"Hamjambo nyote," Cheryl akasema. "Kamati iko kikaoni sasa hivi, na majina ya wanaorudia mtihani tunayafunga leo. Rekodi tumeisikiliza. Tunaomba mtu aliyemwita Asmaa atueleze kwa mdomo wake ilikuwaje. Ikiwa ni bahati mbaya, kesho tunampa mtihani mpya."

Kesho! Mtihani mpya! Nilijiziba mdomo kwa leso nisipige vigelegele.

Mwalimu Mutua akamsogezea mama simu.

"Mama Najib, ni sentensi moja tu. Sema ilikuwa aksidenti, tumalize hii maneno."

Najib ni kaka yangu mkubwa. Alikwenda Kanada kwa ufadhili wa masomo nikiwa mdogo, na siku hizi tunamsikia sikukuu hadi sikukuu.

Mama akaitazama ile simu.

"Sema, Mwanarehema!" mjomba akamhimiza.

"Salaam aleikum, mwanangu," mama akaanza.

"Aleikum salaam, mama."

"Mimi ndimi niliyemwita."

"Sawa, mama. Ulisahau kwamba yuko kwenye mtihani?"

"La. Sikusahau."

Leso ikaniponyoka mkononi.

"Nilimwita makusudi," mama akasema. "Nilijua ataitika, maana mimi ndiye niliyemfunza kuitika. Na nilijua akiitika mutamfungia. Mungu ananiona, siwezi kukuongopea."

Jamani! Hapo ndipo nilipokumbuka. Mimi nilisema mama amesahau. Mjomba alisema. Majirani walisema. Mama mwenyewe hakusema hata mara moja!

"Mama!!" nikapiga ukelele.

Cheryl akauliza polepole:

"Mama... kwani hutaki Asmaa ajiunge nasi?"

"Sitaki."

"Lakini tuliambiwa mzazi amekubali."

"Aliyekubali ni kaka yangu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni. Nikipika chai."

Mjomba Rashid akainamisha kichwa.

"Poleni sana," Cheryl akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka kweli. "Ingekuwa kelele tu, tungemsaidia. Lakini Asmaa bado hajafika umri wa kujiamulia, na mzazi wake anasema hataki. Hatuna uwezo tena."

Simu ikakatika.

Watu wazima wanne walikuwa wamelizungumza jina langu mbele yangu, na hakuna pahali palipohitaji jibu langu.

"Mama Najib, umefanya nini sasa?" Mwalimu Mutua akauliza taratibu. Hakungoja jibu. Akaichukua laptopu yake aliyoniazima kwa mtihani, akaitia kwapani, akaondoka. Mjomba naye akatoka bila kuaga.

Tukabaki mimi na mama.

"Kwa nini, mama?"

"Najib nilimfungia mizigo kwa mikono yangu hii," akasema. "Nilimsindikiza mpaka uwanja wa ndege nikipiga vigelegele. Baba yake alipokufa, akatuma ujumbe kwa simu. Ujumbe, Asmaa! Nikamzika mume wangu, na mwanangu simuoni. Nikaapa sitampigia mtoto mwengine vigelegele vya kumpoteza."

"Si ungeniambia hutaki?"

"Ningemwambia nani? Mjomba wako keshakubali, mwalimu keshashukuru, majirani wananipa hongera. Ningesema sitaki, ningeitwa mama mchawi, hataki mwanawe asome."

Nikamsogelea.

"Na kama mimi ningekuuliza? Mimi mwenyewe?"

Mama akajifuta uso kwa upande wa leso.

"Ningelia siku mbili," akasema. "Kisha ningekwambia nenda."

Nilitoka mbio bila viatu! Nikamkuta Mwalimu Mutua karibu na barabara kuu.

"Mwalimu, piga tena! Amekubali! Mama amekubali, piga!"

Akapiga. Haikushikwa. Akapiga tena, na tena. Tukasimama pale kando ya barabara, vumbi linatupiga, tukiitazama simu. Hatimaye ukaingia ujumbe: majina yamefungwa, nafasi imepewa mwanafunzi mwingine, tunamtakia Asmaa kila la heri.

Sasa niko kidato cha nne. Hesabu za darasani bado napata A, wala hazinifurahishi. Nilijaribu kumchukia mama nikashindwa, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Huwezi kumchukia mtu aliyeogopa kukupoteza, na huwezi kumshukuru pia. Unabaki katikati, unaosha vyombo.

Wazazi mnaosoma hapa, kama hutaki, sema hutaki. Mtoto atanuna, atagoma kula, lakini atapata mtu wa kumwomba na kumbembeleza. Mimi sikujua hata kama kulikuwa na mlango wa kubisha!

Na nyinyi wenzangu wenye vipaji, mnaosubiri kambi na vyuo na ndege... najua mnazo sahihi zote. Mwalimu amekubali, mjomba amekubali, mtaa umekubali. Ondoka hapo ulipo, kamtafute mama yako mkiwa wawili tu. Muulize anaogopa nini, na usimwache mpaka amalize kulia.