Msiba wa Klabuni

Saa nane mchana.

"Klabu ile haimfungulii mtu," Suud alisema. Walikuwa watatu, chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, mtaa wa Al Khuwair. "Kama hukusoma nao kwenye chuo chao kikongwe huko Ulaya, unaishia getini. Ila leo wana msiba. Msibani hafukuzwi mtu."

"Na jambia tunalolifuata liko wapi?" aliuliza Khalil, dereva wao.

"Chumba cha vitabu, kabati la vioo. Mpini dhahabu tupu. Miye nnaingia, Thabit anakaa mlangoni. Akija mtu, anakohoa. Basi."

Thabit alikuwa amechoka, uchovu ule usiotibiwa na usingizi. Baba yake alizikwa yeye yuko jela. Sasa mama yake alikuwa mgonjwa kitandani, nyumbani mtaa wa Al Amerat, na alimwomba kitu kimoja tu: awepo siku ya kumzika. Lakini miaka yote ile ya jela, aliyemuuguza mama huyo ni Suud. Angemkatalia kwa uso gani?

Saa kumi kasoro robo.

Mlinzi hakuwauliza kitu. Ukumbini wanachama walikaa safu, na kila anayeingia huwapa mkono mmoja mmoja, kuanzia kulia. Suud alipita mbiombio, akapotelea chumba cha vitabu. Thabit akafika kwa mzee wa mwisho, karibu na mlango ule.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe?"

Balaa lilianzia hapo. Jizi zima, lililowahi kuwadanganya mahakimu, liliulizwa swali la nyumbani likajibu kama lilivyofunzwa utotoni.

"Wa Marhoon bin Hamood, wa Malindi, Unguja."

Mzee hakuuachia mkono. "Miye Sleiman. Babako nilimshusha kaburini mimi. Hukuwepo."

"Sikuwepo, mzee."

"Kaa."

Akakaa. Machozi yakamlenga, akaona haya, akainamisha kichwa. Mtumishi alipita na buli la kahawa, akaingia chumba cha vitabu. Thabit hata hakumwona.

Ukelele. Kioo kikavunjika. Suud alitoka mbio na jambia mkononi, damu ya mtumishi kwenye kanzu yake. Alimtupia Thabit jicho moja, akaendelea. Nje gari likaondoka kwa kishindo.

Saa kumi na robo.

"Aliingia na huyu," mlinzi aliwaambia polisi.

"Huyu mtoto wetu," alisema Mzee Sleiman. "Amekuja kwangu. Mkitaka, nnaapa."

Ofisa akasita. Kiapo cha mtu kama yule kingetosha, na jioni hiyo hiyo Thabit angekuwa Al Amerat, anamlisha mama yake uji. Alilitaka hilo kuliko kitu chochote duniani. Mzee akainua mkono wake. Thabit akaushika, akaushusha taratibu.

"Usiape, mzee. Nilikuja naye."

Ofisa akatoa pingu.

"Mama yuko Al Amerat," Thabit alisema. "Hana siku nyingi. Nakuomba, siku yake ikifika, umzike wewe."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Pingu zikafungwa.