Ufa Uliopakwa Udongo

Kila Jumapili jioni, Mama alipomaliza kuosha vyombo, alijifuta mikono kwenye kanga, akaniita, akampigia simu Bibi. Bibi, mama yake Mama, anaishi nchi nyingine, na lugha ya huko siijui. Mama alikuwa akininong'oneza sikioni neno moja moja, nami nikilisema kwa sauti kwenye simu. Hujambo Bibi. Samahani tumechelewa kupiga. Mimi ni mzima, nasoma vizuri. Upande wa pili Bibi alicheka kwa furaha, akaongea maneno mengi ambayo kwangu yalikuwa kama mvua juu ya bati. Nilijibu neno la "ndiyo", kwa sababu ndilo Mama alilokuwa akininong'oneza kila mara.

Baba aliketi pembeni akirekebisha pasi au redio ya mtu, maana yeye ni fundi umeme na kazi humfuata hadi sebuleni. Tukimaliza kuzungumza alinitania, "Kasuku wa mama, leo umesema nini?" Nami nilijibu kwamba sijui, aulizwe mwenye kasuku wake. Jina hilo likaniganda. Mtaani kwetu wapo wanaofikiri ndilo langu la kuzaliwa.

Sikuona ubaya wowote, mpaka Mama alipotutangazia kwamba likizo tutakwenda kwao. Safari hiyo ilikuwa ya kwanza kwangu, na ya kwanza kwa Baba pia, kwani walifunga ndoa huku kwetu. Nilimwuliza Mama nitaongeaje na Bibi ana kwa ana, wakati hapatakuwa na simu ya kujifichia. Mama aliendelea kukanyaga cherehani yake. Yeye hushona sare za shule kutwa nzima, na jioni huwa hana hata nguvu ya kujivua viatu.

"Wewe tabasamu na uitikie kwa kichwa," alisema. "Mengine niachie mimi."

Nikamwuliza itakuwaje Bibi akiniuliza jambo ambalo jibu lake ni hapana. Alisema Bibi yangu haulizi mambo ya namna hiyo. Baadaye Baba ndiye aliyenieleza kwamba Mama alipoolewa mbali, wazazi wake waliogopa kupoteza wajukuu, naye akawaahidi kuwa watoto wake wote wataijua lugha ya kwao. Alikusudia kweli kunifundisha. Lakini sare hazikwisha, miaka ikapita, na ahadi ikageuka kunong'onezana.

Tulisafiri kwa basi, tukavuka mpaka, tukapanda basi lingine, na tulipofika Bibi alinikumbatia hadi nikakosa pumzi. Mama aliwaambia wenyeji kwamba naona haya kuongea, nao wakaniacha. Bibi ni mfinyanzi. Nyuma ya nyumba yake kuna banda la kazi, tanuru la kuchomea vyungu, na chumba cha kukaushia kilichofungwa madirisha, chenye gunia mlangoni badala ya pazia. Wakati huo alikuwa na kazi kubwa ya mitungi ya maua, iliyoagizwa na hoteli iliyo karibu na maporomoko ya maji. Maporomoko hayo ndiyo niliyokuwa nikiyaota tangu tulipokata tiketi, na mjomba, kaka yake Mama, alikuwa ameahidi kutupeleka.

Bandani nilifurahi kuliko mahali popote. Mikono haihitaji mkalimani. Bibi alikanda, nikakanda, alipiga udongo, nikapiga, na nilipokosea alinishika vidole akaviweka panapostahili. Siku moja alinionyesha mtungi mbichi wenye ufa mwembamba kama unywele. Nilichovya kidole kwenye udongo laini nikataka kuupaka juu ya ufa. Bibi aliushika mkono wangu, akatikisa kichwa, akauvunja mtungi ule na kuutumbukiza kwenye pipa la maji ili udongo uloweke upya. Niliona huruma, lakini mwenye kazi ni yeye.

Baba naye alikuwa kazini kwa namna yake. Alipiga picha za kila kitu kwa simu, kuanzia tanuru hadi kuku. Chumba cha kukaushia alikilalamikia kwa giza. Alisema fundi umeme hawezi kuvumilia mahali pasipo na mwanga.

Asubuhi moja nilikuwa naruka kamba nyuma ya nyumba na binti wa mjomba, ambaye ni rika langu. Bibi alitoka chumba cha kukaushia akaja moja kwa moja kwangu. Aliniuliza jambo kwa upole. Nikatabasamu, nikaitikia kwa kichwa. Aliuliza tena, taratibu, akinitazama machoni. Nikatabasamu zaidi, nikasema "ndiyo, Bibi" kwa lugha yake, kama nilivyozoea kwenye simu. Niliona uso wake ukibadilika. Alisimama kidogo, kisha akageuka akaenda zake bila kunigusa kichwa kama ilivyokuwa kawaida yake.

Kufikia mchana kila kitu kilikuwa kimegeuka. Binti wa mjomba alikunja kamba akaingia ndani. Nilipokwenda bandani, Bibi alinionyesha mlango kwa kidole. Nilibaki uani kama mwizi, na sikujua nimeiba nini.

Mama alinivuta chumbani akafunga mlango. Alinieleza kwamba mtu alifungua dirisha la chumba cha kukaushia akaliacha wazi, upepo na jua vikapiga mitungi mibichi upande mmoja, na karibu yote imepasuka. Bibi aliniuliza kama ni mimi. Nilikubali mara mbili, tena nikicheka.

"Sikulifungua," nilisema. "Hata sikujua ananiuliza nini. Si uliniambia niitikie?"

Mama aliketi kitandani. Alijua nasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Nilimwona usoni kwamba anajua. Nilingoja anyanyuke aende kumwambia mama yake. Badala yake alinishika mikono na kunibembeleza niombe radhi tu yaishe. Alisema nikisema sikuelewa, watauliza miaka yote hii walikuwa wakiongea na nani kwenye simu.

"Samahani ni neno moja, halimuui mtu," alisema.

Hasira zilinipanda hadi masikio yakawaka. Kwa hiyo mimi nibebe kosa la mtu nisiyemjua, ili uongo ambao sikuutunga usijulikane! Na huyo anayenitwika zigo hili ni mama yangu mzazi, yule yule anayenichapa nikisema nimepiga mswaki wakati sijapiga. Niliichomoa mikono yangu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia.

Baba aliporudi kutoka mjini na mjomba, walikokwenda kukodi gari la kutupeleka kwenye maporomoko, Mama alimwambia mlangoni kwamba nimeharibu kazi ya Bibi. Hakuongeza lingine. Baba alinijia amekunja uso. Alisema amekuja ukweni mara ya kwanza maishani mwake, nami nimemvua nguo mbele ya wakwe. Nilifungua mdomo kujieleza, akaniambia nikae kimya. Nikakaa kimya, lakini moyoni niliapa kwamba sitaomba radhi hata wakinirudisha nyumbani kwa miguu.

Alasiri tuliitwa barazani. Bibi alikuwa kwenye kigoda, mjomba na mkewe ukutani, na binti yao kando yao. Mitungi iliyopasuka ilikuwa imepangwa sakafuni. Ilikuwa mingi, na sikuweza kuitazama kwa muda mrefu. Bibi alisema maneno machache. Mama akatafsiri kwamba nikiomba radhi kwa moyo safi, yamekwisha, na kesho tutakwenda wote kuona maji.

Nilisimama. Nilimgeukia Mama.

"Mwambie Bibi sikufungua dirisha lolote. Aliponiuliza sikuelewa. Lugha yenu siijui, ila maneno ya kwenye simu tu, na hayo Mama ndiye anayeninong'oneza."

Wote walimgeukia Mama, kwa sababu barazani pale yeye pekee ndiye aliyejua lugha zote mbili. Maneno yangu yalikuwa mikononi mwake. Alimwangalia Bibi, akaongea. Aliongea kwa ufupi mno. Na katikati ya maneno hayo nikasikia moja ninalolijua vizuri, kwa kuwa nimelisema kila Jumapili tangu nikiwa mdogo, kila tulipochelewa kupiga simu.

"Mama," nilisema, "hilo ni neno la samahani. Mimi sikusema samahani."

Mjomba na mkewe walitazamana, maana walisikia sauti yangu ingawa hawakuelewa maneno. Baba aliinua kichwa taratibu akamkazia macho Mama.

"Tafsiri alichosema mtoto," alisema. "Kama alivyokisema."

Mama alijifunika uso kwa kanga. Alilia kidogo, kisha akajifuta na kuanza upya. Safari hii hakufupisha. Nilimsikia akitaja simu, nikaona akigusa sikio lake na kunielekeza mimi, na nikajua sasa anasema kweli. Binti wa mjomba aliziba mdomo kwa mkono. Bibi hakupepesa macho.

Mama alipomaliza, Baba alikuna kidevu chake.

"Ngoja kwanza," aliniambia. "Dirisha gani hilo?"

Nilimjibu kwamba ni la chumba cha kukaushia mitungi. Baba akatazama mitungi, akatazama simu iliyokuwa mfukoni mwa shati lake, akainuka kutoka kwenye mkeka.

"Basi ni mimi," alisema. "Jana nilitaka mwanga wa kupigia picha. Nikalifungua, mjomba akaniita, nikasahau. Wewe mama watoto, uliniambia mtoto kaharibu kazi. Hukuniambia ni kwa sababu ya dirisha."

Na mtu huyu, jamani, ndiye aliyeniambia nikae kimya. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nadhani nilifanya vyote viwili. Mama alitafsiri, sauti ikimkatika. Baba, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake. Kisha akanigeukia mimi na kuniomba radhi mbele ya watu wote, kwa kunihukumu kabla ya kunisikiliza.

Bibi aliinama akachukua mtungi mmoja uliopasuka, akaagiza bakuli la udongo laini. Alichovya kidole akaupaka ufa wote polepole, hadi usionekane tena. Kisha akamkabidhi Mama mtungi ule na kumwuliza jambo. Mama aliangalia chini, akajibu neno moja dogo.

"Amekuuliza nini?" nilimwuliza.

"Ameniuliza kama mtungi umepona."

"Umemjibu nini?"

"Hapana," Mama alisema. "Nimemjibu hapana."

Bibi aliongea kwa muda mrefu, naye Mama akatafsiri kila sentensi, hata zile zilizomchoma. Bibi alisema binti yake amekulia kwenye banda hili, na hakuna asiyejua hapa kwamba ufa hautibiwi kwa kupakwa. Mtungi uliopakwa huingia tanuruni umependeza kuliko wenzake. Moto ukiupata hupasuka, na vipande vyake huvunja mitungi ya jirani ambayo haikuwa na kosa. "Uliona aibu kuniambia mtoto hajui lugha," alisema. "Huo ulikuwa ufa mdogo, tungeloweka udongo tukaanza upya. Ukaupaka miaka yote, na leo umempasukia mjukuu wangu. Mwanangu, aibu ya kusema kweli ni ya siku moja."

Kisha alinyoosha mkono akaniita. Alinigusa kichwa, akasema lile neno la samahani, akinitazama mimi. Hakuhitaji mkalimani.

Maporomoko yalingoja. Mjomba alikwenda hotelini kueleza kwamba mitungi itachelewa, na sisi wote tukavunjavunja iliyopasuka na kuitia pipani, maana udongo ambao haujaonja moto huweza kurudi kuwa udongo. Baba alipewa kazi ya kuukanyaga kwa miguu. Aliteleza akaanguka mara kadhaa, na kila akianguka mjomba alimwuliza kwa ishara kama anataka afunguliwe dirisha apate mwanga. Mama alifinyanga kando ya Bibi, na vidole vyake havikuwa vimesahau. Kwangu hasira haikuisha siku ile. Nilimwambia wazi kwamba bado nimekasirika. Alisema nina haki.

Bibi alianza kunifundisha mwenyewe, bila kunong'ona. Neno la kwanza alilonipa lilikuwa "hapana". La pili lilikuwa "sijaelewa". Alinifanya niyarudie huku nikikanda, mpaka yakakaa mdomoni. Maji ya maporomoko niliyaona siku ya mwisho kabla ya safari, na ni makubwa kweli.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, Mama alipiga simu, akanipa, akarudi jikoni kuendelea na vyombo vyake. Hakuniinamia sikioni. Bibi alinisalimu, nikajibu. Kisha akaniuliza jambo refu, na nikahisi lile "ndiyo" la zamani likinijia ulimini. Nikalimeza.

"Sijaelewa, Bibi," nilimwambia kwa lugha yake.

Upande wa pili Bibi alicheka. Kisha akaniuliza tena, polepole, neno kwa neno.